Wa Kulia Kwanza

Kheira alifeli mara ya tatu Jumanne moja ya mwanzoni mwa Oktoba, na hakuwa hata na nguvu ya kukasirika. Alishuka kwenye gari la mtihani, akavuka barabara, akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi ambako watahiniwa wengine walikuwa wakisubiri zamu. Wengi walikuwa mabinti wa miaka ishirini na kitu, simu mkononi. Yeye alikuwa na miaka hamsini na sita na mkoba uliojaa dawa za mumewe.

"Wapi, mama?" binti mmoja akamwuliza.

"Kwenye Birika."

"Tena?"

"Tena."

Birika ni mzunguko wa magari ulio mlangoni mwa mji wetu, mji mdogo wa uwanda wa Chelif, magharibi mwa Algeria. Manispaa ilisimamisha katikati birika la kahawa la saruji, refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, na tangu siku hiyo hakuna anayekumbuka mahali pale paliitwaje. Njia nne hukutana pale: ya Relizane, ya sokoni, ya kiwanda cha matofali na ya makaburini. Msomaji wa Dar es Salaam angesema kipilefti, neno ambalo huku lingechekesha, maana magari ya Algeria hushika kulia na birika hubaki mkono wa kushoto wa dereva muda wote anaozunguka. Sheria yenyewe ni fupi. Unayetaka kuingia unampisha aliyemo ndani, naye hukujia kutoka kushoto. Ukishaingia, ni zamu yako: husimami, unaendelea, unaonesha indiketa ya kulia, unatoka.

Kheira aliingia vizuri. Kila mara aliingia vizuri. Taabu ilikuwa ndani. Akiona gari linakaribia kutoka mkono wa kulia, liwe lori au mzee na punda wake, mguu wake ulikwenda kwenye breki wenyewe, akasimama katikati ya mzunguko na kulipisha. La nyuma yake nalo likasimama, na la nyuma ya hilo, hadi mzunguko mzima ukafunga na honi zikaanza.

Makosa hayo hayakuwa yake. Alikuwa amefundishwa.

Mumewe, Benaouda, aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, akipeleka unga na saruji Adrar, Tamanrasset, hadi ambako barabara huishia kuwa alama za matairi tu. Enzi zake mji huu haukuwa na mzunguko hata mmoja. Kulikuwa na njia panda, na kwenye njia panda sheria ilikuwa moja: wa kulia kwanza. Aliishika sheria hiyo kama alivyoshika funga yake. Kisha kisukari kikachukua macho yake, kikahamia kwenye figo, na sasa miaka miwili alikuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, katika hospitali ya mkoa, kilomita arobaini kutoka nyumbani. Gari lao, Symbol ya kijivu, lilikaa chini ya turubai. Alipoona mke hana njia ila kujifunza, alimkalisha kwenye usukani na kumfundisha mwenyewe kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, akitazama dunia kupitia ukungu wa macho yake. Wiki sita nzima. Mwalimu wa chuo cha udereva alipompokea, alimkuta tayari ameiva.

Jioni ya Jumanne ile alirudi, akavua kitambaa cha kichwa, akawasha jiko. Benaouda alikuwa kwenye godoro lake karibu na dirisha.

"Wamekuangusha."

"Nimeanguka."

"Ulifanya nini?"

"Nilimpisha mtu."

"Wa kulia?"

"Wa kulia."

"Basi umefeli kwa adabu zako, binti wa watu. Injinia hana adabu." Mtahini wa udereva huku huitwa Injinia. Sijui jina lilianzaje. Huyu wetu hajawahi kujenga hata banda la kuku.

"Injinia anasema aliye ndani ndiye mwenye haki."

"Ukimimina kahawa unaanzia wapi?"

Kheira alikuwa akimenya karoti.

"Kulia," akajijibu mwenyewe. "Ukimaliza swala, salamu ya kwanza unaitoa wapi? Ukivaa kiatu? Sasa eti barabarani, mahali ambapo mtu anaweza kufa, tuanzie kushoto. Nani kawaambia?"

"Manispaa."

"Manispaa iliweka birika lisilotoa kahawa."

Alicheka peke yake, kisha akakohoa, kisha akaomba maji. Kheira akampa nusu glasi, kiasi alichoruhusiwa, akakaa chini kumsubiri ainywe polepole.

Kwa miaka hiyo miwili aliyewapeleka hospitali ni jirani wa chini, Miloud, karani mstaafu mwenye moyo mwepesi na gari zito. Alhamisi ya wiki ile ile alipanda ngazi, akagonga, akakataa kuingia, akasema kila kitu akiwa amesimama mlangoni na kutazama viatu vyake. Binti yake wa Oran amejifungua mapacha. Mkewe amekwisha kwenda. Na yeye anahama, Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Nimezungumza na watu," akasema. "Kuna mmoja wa kiwandani, lakini yeye Jumatatu hawezi. Basi linaondoka saa mbili."

"Mashine ni saa moja," Kheira akasema.

"Najua, mama. Najua. Nimekaa nayo miaka miwili hiyo saa moja."

Teksi za pamoja nazo husubiri zijae, na mashine haimsubiri mtu. Watoto wao walikuwa wawili: binti ameolewa Béchar, kijana yuko Marseille na hutuma picha za theluji. Mtihani mmoja tu ulibaki kabla ya Miloud kuondoka, Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Nadharia alishafaulu, kuegesha gari alishafaulu. Ilibaki barabara, na katika barabara yote, ni Birika.

Mwalimu wake, Lahouari, alikuwa mtu mnene aliyefundisha miaka ishirini na miwili akiwa na mguu wake kwenye breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu. Alisema goti lake la kulia limezeeka kabla ya mwili mzima. Alimwita kila mwanamke aliyepita arobaini Hajati.

"Mimi sijahiji," Kheira alimwambia siku ya kwanza.

"Utahiji. Mimi natangulia kukuita tu."

Asubuhi moja baada ya habari ya Miloud walizunguka Birika bila kutoka, mzunguko juu ya mzunguko, saa ambayo wafanyakazi wa kiwandani wamekwishaingia na soko halijachangamka.

"Hajati, hii ni ya saba. Tukizunguka ya nane itakuwa tumezua bidaa."

"Astaghfirullah. Birika hili?"

"Nisamehe. Lakini nina maana yangu. Kule kwenye hija kitu kiko kushoto na watu wanakwenda, hapa kitu kiko kushoto na watu wanakwenda. Umewahi kuona kwenye televisheni mtu akisimama katikati ya tawafu kumpisha anayeingia kutoka nje? Wangemkanyaga."

Kheira akapunguza mwendo. Gari dogo jeupe lilikuwa linakuja kutoka sokoni, upande wake wa kulia.

"Usisimame," Lahouari akasema.

Akasimama. Gari jeupe likapita mbele yao. Dereva wake akainua mkono kushukuru. Nyuma yao mtu akapiga honi ndefu.

Lahouari alishusha kioo, akatoa kichwa. "Mwanangu, umezaliwa ukiendesha?" Kisha akapandisha kioo, akamgeukia Kheira, sauti imeshuka. "Niambie kweli. Kuna nini hapo? Kwa sababu sheria unaijua. Ungeweza kunifundisha mimi."

Alifikiri. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule kwa miaka ishirini na saba, na aliniambia baadaye kwamba jibu lilitoka huko.

"Nikimwona mtu kulia kwangu anangoja," akasema, "najiona kama nimekaa mezani nakula peke yangu na yeye kasimama mlangoni."

Lahouari hakucheka. Alifuta jasho la shingo.

"Sawa. Basi sikiliza. Huyo wa kulia hajasimama mlangoni ana njaa. Amesimama kwa sababu anajua wewe utapita. Ameshapanga. Ukisimama umemvuruga: hajui aingie au asiingie, wa nyuma yako hajui akuzunguke au akugonge. Wote sasa wanakisia. Adabu ya mzunguko ni kutowafanya watu wakisie."

Wakaanza upya, kutoka mbali, kwenye barabara ya Relizane. Mzunguko unaanza mita mia kabla, alimwambia. Hapo ndipo unapoamua unatoka njia gani, si ndani. Unatoka ya kwanza au ya pili, shika njia ya nje. Unatoka ya tatu, shika ya ndani, kisha jisogeze nje mapema ukiwa umetazama kioo. Gia ya pili. Tazama kushoto, tazama tena kushoto, kwa sababu pikipiki hujificha nyuma ya nguzo ya kioo. Ingia penye nafasi ambayo hakuna atakayelazimika kugusa breki kwa ajili yako. Usikae ubavuni mwa lori, kwa kuwa mkia wake hukata kona. Na unapotoka upande wa makaburini, tarajia watu barabarani. Wanaotoka kuzika hawatazami magari.

"Na pale?" Kheira akauliza, akionesha kwa kidevu njia ya kiwanda cha matofali. Nguzo ilikuwepo, imepinda. Pembetatu ya kuwaambia madereva wapishe haikuwepo. Trekta liliiangusha tangu majira ya baridi.

"Pale," Lahouari akasema, akaitazama nguzo. "Pale wanaingia kama enzi za mzee wako. Hakuna alama, wanajiona wana haki. Na kwa kitabu cha zamani, wanayo."

"Kwa hiyo mzee wangu hakosei."

"Mita tano za mji mzima hakosei. Usimwambie."

Hakumwambia. Alimwambia mengine, jioni, akimpaka mafuta mkono wenye makovu ya sindano. Alimwambia anajifunza kupita.

"Kuwapita watu," Benaouda akasema.

"Kupita kwa zamu yangu."

"Mimi sikupata ajali miaka thelathini na mmoja."

"Jangwani, mzee. Ulikuwa unampisha nani, ngamia?"

"Ngamia nao huja kutoka kulia," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa na utani. Lakini hakuacha. Kila Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, akiwa kiti cha mbele cha Miloud, waliporudi na kuingia kwenye Birika, aliyasikia magari kwa masikio na kusema: kulia, kulia. Miloud aliitikia, ndiyo, Haji, na kupita bila kupunguza mwendo. Hakumbishia hata siku moja.

Tarehe ishirini na nne kulikuwa na upepo wa kusini na vumbi jekundu juu ya kila kioo. Injinia alikuwa kijana mwembamba mwenye mafua, na Kheira alikuwa mtahiniwa wake wa kumi na moja. Lahouari alikaa kando yake, miguu mbali na breki ya pili kama inavyotakiwa. Injinia alikaa nyuma pamoja na binti aliyekuwa akisubiri zamu.

"Twende, mama. Hadi Birika, utoke makaburini."

Njia ya tatu kutokea barabara ya Relizane, basi. Alishika njia ya ndani mita mia kabla. Gia ya pili. Kushoto, tena kushoto. Lori la mafuta lilipita, nyuma yake palikuwa na nafasi, akaingia. Kwenye mdomo wa njia ya sokoni gari la muuza mayai lilikuwa limesimama, dereva kaegemeza kiwiko dirishani. Kheira alimwona. Alihisi mguu wake unataka kwenda kwenye breki. Akaushikilia kwenye pedali ya mafuta, akapita mbele ya muuza mayai huku uso ukiwaka, kama mtu aliyepita mbele ya wanaoswali.

Kisha njia ya kiwandani. Lori la matofali lilikuja pale halipunguzi mwendo, dereva wake anazungumza kwa simu, na likaingia.

Kheira akafunga breki. Gari likasimama katikati ya Birika. Binti wa nyuma akavuta pumzi. Lori lilipita mbele ya boneti, vumbi la matofali likamiminika juu ya kioo, nalo likaenda zake. Honi moja nyuma, kisha ya pili. Lahouari alikuwa anatazama mbele tu, mikono juu ya mapaja.

Akaingiza gia ya kwanza, akatazama kioo, akajisogeza nje, akaonesha kulia, akatoka.

"Simama pembeni," Injinia akasema. Akapenga kamasi. "Mama. Umesimama ndani ya mzunguko."

"Nimesimama."

"Hapa kwenye karatasi yako imeandikwa mara tatu: anasimama ndani ya mzunguko. Hii ni ya nne. Kwa nini umesimama?"

Kwa mitihani mitatu swali hilo lilikuwa na jibu moja, naye alilijua, na safari hii jibu hilo halikuwa kweli. Alitafuta la kweli. Alikuwa amechoka sana kulipamba.

"Sokoni kulikuwa na mtu kulia kwangu. Yule alikuwa ananingoja, nikapita. Huyu hakuwa ananingoja. Hakujua kama nipo."

"Na kama huyu naye angekuwa anangoja?"

"Ningepita."

"Una hakika?"

"Ningeona haya. Lakini ningepita."

Injinia aliandika kitu kirefu kuliko neno faulu na kirefu kuliko neno feli. Kisha akasema shuka, mwingine aje.

Simu ya Lahouari ililia saa kumi alasiri, mikono ya Kheira imo ndani ya unga wa semolina. Alibonyeza kwa kiwiko.

"Hajati," Lahouari akasema. "Kanyaga bila breki yangu kuanzia leo. Goti langu linakusalimu."

Aliendelea kukanda mpaka unga ukalainika. Kisha akanawa, akaenda chumbani.

"Nimepata."

Benaouda aligeuza sikio upande wake.

"Kwa hiyo umempita mtu wa kulia."

"Mmoja."

"Alifanya nini?"

"Alisubiri."

"Hakutukana?"

"Hakutukana. Alikuwa ameegemea dirisha."

"Ajabu," mzee akasema, akageukia ukuta.

Miloud aliondoka Ijumaa baada ya swala, godoro limefungwa juu ya gari. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Kheira alivuta turubai, akabandika nyuma kile kibandiko cha namba themanini, ukomo wa mwendo, kinachobebwa na madereva wapya, akamwongoza mumewe hadi kwenye kiti na kumfunga mkanda. Mtu wa miaka thelathini na mmoja ya barabara alipanda gari la mwanafunzi. Kwenda ni rahisi. Ukitokea makaburini, njia ya Relizane ni ya kwanza. Unaingia, unatoka, hakuna mdomo wowote unaoupita. Alifika saa moja kasoro dakika tano. Alimkabidhi kwa wauguzi, akarudi kwenye gari, akakaa.

Hapo ndipo alipoelewa alichokipata. Kwa miaka miwili, mara tatu kwa wiki, alikuwa akilala kwenye kiti cha nyuma cha Miloud, dakika arobaini kwenda na dakika arobaini kurudi. Ndio usingizi pekee ambao hakuna aliyemwita katikati yake. Sasa kiti cha nyuma kilikuwa chake mwenyewe, na hakuna mwingine wa kushika usukani. Alijaribu kulala pale pale kwenye maegesho, kichwa juu ya usukani, lakini mlinzi aligonga kioo mara mbili asogee kuliachia gari la wagonjwa nafasi.

Saa sita walimrudishia mume wake mweupe kama karatasi, shinikizo la damu chini, macho yamefumba. Alimlazia kiti nusu. Jua la uwanda lilikuwa juu ya bustani za machungwa, barabara ndefu na nyoofu, na Kheira alifungua dirisha na kujifinya paja kila alipoona mstari mweupe unacheza. Alizungumza peke yake. Alitaja majina ya watoto wote wa kantini aliowakumbuka, darasa kwa darasa.

Mita mia kabla akashika njia ya ndani. Gia ilipobadilika, Benaouda akasema bila kufumbua macho:

"Umefika kwenye Birika."

"Nimefika."

Kushoto, tena kushoto, akaingia. Mzee alikuwa ameinua kidevu kidogo, anasikiliza. Njia ya sokoni ilikuwa na teksi ya njano mdomoni, injini inanguruma.

"Kuna gari kulia," akasema.

"Lipo."

"Husimami."

"Sisimami. Linasubiri."

Wakaipita teksi. Kiwandani hapakuwa na mtu. Alitazama hata hivyo, mguu karibu na breki.

"Mshukuru basi," Benaouda akasema. "Inua mkono."

Mikono yote miwili ya Kheira ilikuwa kwenye usukani, na haikuwa na nguvu ya kuinuka.

"Nitamshukuru Jumatatu," akasema, akaonesha kulia, akatoka.